Glasi Tatu Mbele ya Baba Mkwe

Kwa miaka sita nilikunywa wiski ndani ya kikombe cha chai, nyumbani kwa wakwe zangu Unyambwa, hatua kumi kutoka dirisha la baba mkwe. Waliojua ni wawili tu: mume wangu, na rafiki yangu mmoja muuguzi ambaye ndiye niliyekuwa nikinywa naye. Sikuwa mlevi. Najua kila mlevi husema hivyo, lakini mimi nilikunywa kiasi cha vijiko vinne Jumamosi alasiri nikishamaliza kufua, na aliyewahi kuniona nikipepesuka na ajitokeze. Nilikuwa na ulimi wenye udadisi na hofu ya kukamatwa, na vyote viwili vilizidi kukua mwaka hadi mwaka.

Wakati huo nilikuwa nafundisha kemia sekondari moja mjini Singida. Mume wangu ni mtu wa reli, kituo chake Itigi, na alikuwa akirudi nyumbani mwisho wa mwezi kwa siku mbili tatu. Mimi na watoto tulikaa katika nyumba yetu ndogo ndani ya ua wa minyaa wa wazazi wake, na nyuma ya ua huo kulikuwa na shamba la ukoo, ekari nne. Baba mkwe ndiye mwenye shamba. Aliyelilima ni mimi, miaka tisa mfululizo. Nililikuta limejaa vichaka na mashimo ya panya, nikaling'oa visiki kwa mikono hii, nikalitia samadi ya ng'ombe wa jirani, mpaka alizeti yake ikawa watu wanasimama barabarani kuiangalia. Mshahara wa mwalimu kila mtu anaujua. Shamba lile ndilo lililowavalisha watoto wangu viatu, na nililipenda kwa namna ambayo sikuthubutu kuisema, kwa sababu si langu.

Katika ukoo ule mke wa mwana hali wala hanywi mbele ya baba mkwe wake. Hata maji. Akiingia ghafla ukiwa na tonge mkononi, unaliweka chini na kuinamisha uso mpaka apite. Naye vilevile hali mbele yako. Miaka tisa niliyompikia mzee yule sikuwahi kumwona akitafuna. Pombe yenyewe haikuwa haramu pale nyumbani: mama mkwe alikuwa fundi wa mtukuru, ile pombe yetu ya mtama, na wamama wazima waliketi nayo jikoni kwake wakicheka bila aibu. Lakini pombe kali ya chupa, kwa mke wa mtu, tena mwalimu, tena mwanakwaya! Hiyo ilikuwa ya wanawake wa baa, na neno lenyewe lilisemwa kwa kutema mate.

Nilianzaje? Mkuu wetu wa shule alistaafu, tukamfanyia sherehe ya kumuaga, na mtu mmoja mwenye uwezo akaweka mezani chupa nene ya shingo fupi yenye kizibo cha mbao. Wanaume wakaimiminia soda. Mimi na muuguzi niliyekuja naye, tuliokuwa mwisho wa meza, tukaionja kavu kwa utundu tu. Nilitegemea iniunguze kama gongo. Badala yake kikapita kitu chenye harufu ya bisi zinazopasuka na asali iliyoungulia sufuriani, halafu mbao, halafu moto mdogo kifuani ulioshuka taratibu na kutulia. Nikageuza chupa nikasoma karatasi yake kama mtu anayesoma barua ya posa. Ni wiski ya Marekani, ile inayoitwa bourbon, na zaidi ya nusu yake ni mahindi, yanayolazwa miaka kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani. Mahindi! Mimi niliyekulia Mtinko nikila ugali asubuhi na jioni, sikuwa najua mahindi yana mambo hayo.

Chupa ile hatukuiweza, hata tungechangishana mwaka. Ila kila kitu kina chake cha bei ndogo, na muuguzi alikuwa na kaka anayeendesha lori kutoka Dar. Akamwomba amtafutie bourbon za bei ya watu kama sisi, bila kunitaja. Akawa anaziacha kwenye kibanda cha vitunguu pale njia panda ya Mkiwa, chupa moja kwa mwezi, imefungwa gazeti na kuzikwa katikati ya kapu. Nilikuwa nakwenda kuichukua roho mkononi. Siku moja ndani ya basi kapu likaegemea, chupa ikagonga chuma cha kiti, ikalia sauti ambayo kila mnywaji duniani anaijua. Mama aliyeketi jirani yangu, wa jumuiya yetu ya kanisa, akanitazama. Nikamwambia ni siki ya maabara.

Tulifanya kazi ile ya kuonja kwa bidii kuliko masomo yangu ya chuo. Nilikuwa na daftari la andalio la somo, na nyuma yake nikaandika matokeo kana kwamba ni majaribio ya wanafunzi: Sampuli A, Sampuli B, na kuendelea. A ilikuwa tamu mno, sukari guru tupu, inakukinaisha kabla hujameza. B ilinuka rangi ya kupaka majeneza. Tukaitumia kumchua muuguzi kifundo cha mguu alipoteguka, na hapo ilifanya kazi nzuri sana. C, yenye karatasi ya njano, ilikuwa na ukali wa pilipili manga, na muuguzi aliapa haijatokea nyingine kama hiyo. Mimi sikuwa upande wake. Nilisubiri.

D ilifika mwaka wa pili. Chupa yake mbaya, kifuniko cha bati, karatasi imebandikwa upande, na bei yake ndiyo iliyokuwa ya chini kuliko zote. Nilipoitia tone la maji harufu yake ikafunguka. Bisi zilikuwapo, asali iliyoungua ilikuwapo, na baada ya kumeza, ukingoja kidogo, kikaja kiuchungu chembamba cha ganda la karanga, lile jekundu linalobaki kwenye kiganja. Nikacheka peke yangu. Tuliendelea kutafuta mpaka tukafika H, maana utafiti ni utafiti, lakini moyo wangu ulikuwa umeshakaa. Muuguzi akaanza kunijaribu: ananifumba macho kwa kanga, ananipa tatu nne bila mpangilio, nami namtajia. C na F zilinichanganya mara nyingi. D haikunichanganya hata siku moja.

Hofu nayo haikulala. Jumamosi moja baba mkwe alipita dirishani kwangu akasimama nje, bila kuchungulia, kama ilivyo heshima, akauliza, "Mwalimu, chai yako leo umetia nini? Inanukia asali."

"Tangawizi, baba," nikasema, kikombe kimeniganda mkononi.

"Tangawizi," akarudia, akaenda zake. Wiki tatu sikugusa chupa. Nilimpigia mume wangu nikamwambia nataka kuacha. Akasema, "Acha au usiache, ila baba asijue. Akijua, mimi sitakuwa na neno la kukutetea." Hakusema kwa ukali. Alikuwa ananieleza tu ukweli wa kwao.

Sasa nije kwenye shamba.

Ulikuwa wakati wa palizi ya kwanza, alizeti imefika magotini. Bwana mmoja alikuwa ameshafika mara mbili kumwona baba mkwe, mtu wa suti na gari safi, mwenye kucheka kabla ya kuongea. Alitaka shamba letu lote. Alisema atajenga kinu cha kukamua alizeti, ukoo utapata ajira, na baba mkwe atatengewa eneo jingine zuri zaidi mbele huko, akishakamilisha taratibu. Wapi hasa, hakusema. Mara zote mbili mzee alikataa. Mara ya tatu bwana yule akaja akiwa ameulizia mila. Alileta chupa.

Ni lazima nieleze jambo hili, maana hapo ndipo kosa lilipoingia. Baba mkwe ni Mkatoliki asiyekosa misa. Lakini katika mambo ya ardhi, akiletewa kinywaji cha heshima na mtu anayeomba, yeye hakigusi kwanza. Anatoka kizingitini, anamwaga matone machache kwa ajili ya baba yake na babu yake waliolala kwenye shamba lile, na kuwatajia mgeni ni nani na ameleta nini. Kwao hilo ndilo neno. Akishamwaga amekubali, na kidole gumba kwenye karatasi ni kumalizia tu. Wala hana haja ya kumchunguza mgeni sana, kwa sababu wanavyoamini wao, hakuna mwenye akili timamu anayeweza kuwadanganya wafu. Kinywaji ndicho kinachompima mtu.

Mimi nilikuwa shambani. Mama mkwe alinifuata akikimbia, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akikimbia. "Mzee ameshamwaga," akasema.

Nilitupa jembe. Niliingia sebuleni na matope miguuni, nikapiga goti. "Shikamoo baba. Shikamoo baba mdogo." Baba mdogo, mdogo wake baba mkwe, mtu mkali mwenye sauti ya mbuzi dume, alikuwa ameketi jirani ya mgeni. Wakaitikia. Mezani kulikuwa na karatasi, kidau cha wino, na chupa. Niliitambua palepale: nene, shingo fupi, kizibo cha mbao. Ile ya sherehe ya mkuu wa shule. Baba mkwe alikuwa na uso wa mtu aliyepewa heshima aliyoisubiri maisha yake yote, na nilimwonea huruma na hasira kwa pamoja.

Niliomba kusoma karatasi. Mgeni akacheka, akazikunja. "Mwalimu, haya ni mambo ya kisheria, yatakuchosha bure."

"Tumngoje mwanao, baba," nikasema. "Yuko kazini, hata kesho anaweza kufika."

"Nimeshasema na wakubwa kuliko mwanangu," mzee akajibu kwa upole. "Kapike, mgeni ale. Tukimaliza kula nitaweka kidole."

Kwa hiyo nilikuwa na muda wa kuiva kuku mmoja. Jogoo alikuwa ameshachinjwa. Nikampigia mume wangu: hapatikani. Nikapiga tena huku nanyonyoa, nikamtumia ujumbe, nikapiga. Alikuwa njiani kwenye reli huko porini ambako hakuna mtandao, na nilijua hivyo, lakini vidole vilikuwa vinabonyeza vyenyewe. Kupitia dirisha la jikoni nilimsikia mgeni akitamba. "Hii, wazee wangu, ndiyo maji yangu. Miaka kumi sinywi nyingine. Jana tu nimefungua moja kama hii. Chupa moja hii ni ng'ombe wawili."

Mama mkwe akaingia na glasi. Ilikuwa ya baba mkwe. Pombe kali humkereketa, alikuwa ameonja kidogo na kuacha iliyobaki. "Kamwage hii," akasema, akageukia moto.

Nilipoiinua puani nikanusa bisi.

Nikasimama. Nikanusa tena, nikaivuta polepole kama tulivyozoea na muuguzi. Asali iliyoungua. Nikampa mama mkwe mgongo, nikatia ulimini, nikameza, nikangoja. Ganda la karanga likaja. Ile ya kizibo cha mbao niliikumbuka vizuri, ina mbao nzito na ukali wake hukaa kifuani. Hii ilikuwa Sampuli D, kinywaji cha bei ya chini kuliko vyote nilivyowahi kununua, kimejazwa kwenye chupa ya kifahari.

Nilijaribu kumtendea haki. Labda na yeye aliuziwa hivyo dukani. Watu huuziwa chupa za kujazia kila siku. Lakini mtu aliyekunywa kitu kimoja miaka kumi, aliyekifungua kingine jana, angekosaje kujua? Ama alijaza mwenyewe, ama hakuwahi kuionja hiyo anayoiita maji yake. Vyovyote vile alikuwa muongo, na baba mkwe alikuwa anakwenda kumpa ardhi kwa ushahidi wa chupa hiyo peke yake.

"Mama," nikasema, "hii si ile iliyoandikwa kwenye chupa. Ni ya bei ndogo."

Hakugeuka. "Umejuaje?"

Kuku alikuwa anatokota. Nilikumbuka maneno ya mume wangu, na mashavu yakaniwaka moto kama niliyepigwa. "Kwa sababu ndiyo ninayokunywa mimi. Chupa yake iko ndani, kwenye debe la unga wa mtama."

Hapo akageuka. Alinitazama mpaka nikatamani anizabe kofi tuyamalize. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea: akaichukua glasi, akainusa kwa pua yake ya mpika pombe wa miaka arobaini, akaiweka chini. "Sizijui hizi za kizungu," akasema. "Ila ukiingia kusema hayo, ujue umejivua nguo mwenyewe. Mimi sitaweza kukufunika."

"Na nisipoingia?"

Akachochea kuni. "Na sisi tutalima wapi?"

Liwalo na liwe. Nilinawa miguu, nikavaa kanga safi, nikaingia sebuleni nikapiga goti karibu na mlango, macho chini. Nilisema yote kwa mkupuo, nikiogopa kwamba nikipumzika nitakimbia. Kwamba kilichomo kwenye chupa si kile. Kwamba nakijua. Kwamba nakijua kwa sababu nakinywa.

Baba mdogo aliruka. "Mke wa mwanetu! Unasimama mbele ya wazee unasema wewe mlevi?"

Mgeni alicheka tena, ila safari hii alichelewa. "Wazee, huyu ametumwa. Kuna watu wanalitaka shamba hili kwa bei ya bure." Kisha akaniangalia, nami nikaona kwamba aliulizia mila zote, hakubakiza. "Kama anajua, aonje hapahapa, mbele ya baba mkwe wake, atuambie." Akaegemea kiti. Alijua hakuna mkwe wa ukoo ule atakayethubutu.

Nilisikia kifuniko cha sufuria kikirukaruka jikoni. Baba mkwe alikuwa anaitazama chupa, na ule uso wa heshima ulikuwa unamwondoka polepole.

"Leta chupa zako," akasema.

Nilileta mbili nilizokuwa nazo, D na ile ya karatasi ya njano, zikiwa na vumbi la unga. Kuzibeba mchana kweupe kupita mbele ya mzee yule kulinichoma kuliko yote yaliyofuata. Akamwambia mdogo wake aende nyuma ya pazia, amimine glasi tatu, moja kutoka kila chupa, na chini ya kila glasi aweke mbegu ili asisahau. Punje ya hindi kwa chupa ya mgeni, haragwe kwa ile ya kifuniko cha bati, alizeti kwa ile ya njano. Baba mdogo alirudi amezipanga kwenye sinia, mbegu zimefunikwa kwa kitambaa, uso wake umejaa ushindi tayari.

"Onja," akasema baba mkwe.

Nikampa mgongo. Nikageukia ukuta wenye kalenda ya parokia, nikainua glasi ya kwanza, na mbele ya baba mkwe wangu nikanywa. Pilipili manga. "Hii ni ya njano," nikasema, na sauti yangu ikatoka ya mtu mwingine.

Ya pili: bisi, asali, nikangoja, karanga. "Hii ndiyo ninayokunywa."

Ya tatu nikaishika, na hapo ulimi ukaniacha. Kinywa kilikuwa kimekauka kwa woga, pua imejaa moshi wa jikoni. Nilimeza, sikupata kitu. Moto tu. Nikafikiri: itakuwa ile ya ghali kweli, nimejivunjia heshima bure, nimewavunjia na watoto wangu. Nyuma yangu mgeni alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayetaka kucheka. Nilinywa tena, nikafumba macho kama vile muuguzi amenifunga kanga, nikahesabu pumzi. Moja. Mbili. Kwenye ya tatu kiuchungu cha ganda la karanga kikapanda taratibu nyuma ya ulimi.

"Ya pili na ya tatu ni kitu kimoja," nikasema.

Nikamsikia baba mdogo akivuta kitambaa, akiinua glasi moja moja. "Ya kwanza alizeti," akasema hatimaye. "Ya pili hindi. Ya tatu haragwe."

"Zionje hizo mbili," baba mkwe akamwambia. Akaonja, akarudia, akafuta mdomo. Sauti ya mbuzi dume ilikuwa imekwisha. "Kaka, ni moja."

"Na wewe mgeni, onja. Maji yako ya miaka kumi."

Bwana yule akasema hawezi kuongeza, anaendesha. Kisha akasema huenda amedanganywa dukani. Kisha akasema kinywaji ni kinywaji tu, wazee, tusipoteze muda, kilicho muhimu ni nia.

"Nimewamwagia baba zangu," baba mkwe akasema. Hakupaza sauti. "Nimewaambia jina lako. Nimewaambia umewaletea kitu ulichokithamini kama ng'ombe wawili, na mimi nimesimama kizingitini na kofia mkononi." Akashindwa kuendelea. Nilikuwa bado naangalia ukuta, lakini nilijua analia, na nikatamani ardhi inimeze. Aliposema tena alisema, "Chukua karatasi zako."

Gari liliondoka. Kuku alikuwa ameiva, na hakuna aliyemgusa. Haikuwahi kutokea mgeni kutoka katika nyumba ile na njaa.

Mume wangu alifika Jumatatu. Baba mkwe akatuita wote chini ya ukingo wa paa, akaongea akiangalia vidole vyake.

"Mwalimu, shamba umelikomboa. Asante. Nasema asante mbele ya mumeo na mama yako, wasije wakasema sikusema." Akageuza viganja. "Lakini umekunywa mbele yangu. Na mimi ndiye niliyekuamuru. Usiku nikifumba macho naona mgongo wako na glasi imeinuliwa. Mimi na wewe hatuwezi tena kukaa ua mmoja. Kosa ni langu, najua ni langu. Anayehama ni wewe, kwa kuwa mimi nina makaburi hapa."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa. Aliniambia mapema kwamba hatakuwa na neno, na hakuwa nalo.

Nilihamia Itigi baada ya kuvuna. Nikapata shule huku, watoto wamezoea, na mume wangu namwona kila siku, jambo ambalo wanawake wengi wa reli wangelipigia magoti. Jumamosi nakunywa D yangu barazani kwenye glasi nyeupe, mchana, majirani wanapita wananisalimu. Sitasema uongo, ni raha kunywa bila kusikiliza nyayo. Na kama siku ile ingerudi ningeingia tena sebuleni, hilo silijutii. Ila kuna asubuhi mvua ya kwanza ikinyesha naamka na hasira ambayo sijui nimpe nani.

Shamba amepewa mke wa shemeji yangu. Ni msichana mzuri, mwenye bidii, hajawahi kulima alizeti maishani mwake. Mwaka huu zilipoanza mvua simu ikaita, mama mkwe.

"Mwalimu, huyu mwenzio anauliza, mbegu ulikuwa unatia ngapi kwenye shimo?"

"Tatu, halafu apunguzie wiki ya pili, abakize moja."

Nikamsikia akimrudishia mtu maneno hayo. Walikuwa shambani, upepo ulikuwa unapiga kwenye simu. Kisha kwa mbali nikasikia sauti ya baba mkwe, ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku nilipopakia vyombo. Hakuja kwenye simu. Alimwambia mkewe, kwa nguvu kidogo, ili nisikie.

"Mwulize ule upande wa kwenye minyaa alikuwa anaupanda lini."

Nilisimama katikati ya chumba changu cha Itigi na machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa. "Mwambie baba upandwe mwisho," nikasema. "Baada ya mvua ya pili. Pale maji hutuama, mbegu zitaoza."

Mama mkwe akayarudia. "Nimesikia," ikasema sauti ile, na mama mkwe akakata simu.